Hitaji Kulia, Taka Kushoto

Simsamehe. Nalisema hilo mapema ili asiwepo wa kungojea mwisho ambapo sisi wawili tunakumbatiana na kulia. Mwanamke ninayemwelezea hapa aliwahi kukaa ukingoni mwa kitanda changu malaria iliponipanda, akinikanda kwa kitambaa cha maji mpaka homa ikashuka. Ni yeye huyo huyo aliyenifanyia jambo ambalo nimelibeba tangu nikiwa kidato cha pili hadi leo, nikiwa na duka langu na watoto wangu. Yote mawili ni kweli. Watu huniambia niliweke lile la wema juu ya hili jingine, lifunike. Nimejaribu. Halifuniki.

Tulimwita Matroni. Alikuwa na jina, tena jina zuri, ila sikuwahi kumsikia mwanafunzi akilitaja hata wakati wa kumsengenya. Alikuwa mlezi wa bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Kibondo, na vipindi vya asubuhi alifundisha sayansikimu. Mrefu, mkavu, shingo imenyooka kama ya mtu aliyezoea kujitwika ndoo. Alikuwa na sketi ya kijivu na nyingine ya kijivu. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimetiwa soli mpya mara nyingi mno, wasichana wakawa wanasema kilichobaki cha asili ni kamba.

Vitabu vilisema mahitaji na matakwa. Yeye alisema hitaji na taka, na hilo la pili alilifupisha kwa makusudi.

"Kitu unachokitaka tu," alituambia siku ya kwanza, "leo ni taka ya moyoni, kesho ni taka ya jalalani. Lugha yenyewe imeshakwambia. Wewe hujasikia?"

Bwaloni hakuruhusu mtu aseme anataka.

"Mwalimu, nataka chumvi."

"Unataka?"

"Nahitaji, mwalimu."

"Maharage yana chumvi. Onja tena."

Kwa sisi tuliotoka vijijini, tuliokuwa tunafikiri kwa Kiha kisha tunatafuta Kiswahili chake, ilikuwa taabu. Neno likikuponyoka umeshahukumiwa. Wapo waliokula maharage bila chumvi muhula mzima kwa kuogopa kufungua kinywa. Lakini wapo pia, na nimekutana nao ukubwani, wanaosema mpaka leo wakiingia dukani huisikia sauti yake nyuma ya sikio na kurudisha kitu rafuni. Wanalisema kwa shukrani. Mimi ni mwenye duka, namjua kila mteja wa namna hiyo pindi anapoingia, na nimejifunza jinsi ya kuinyamazisha sauti ile.

Nisije nikamchora mbaya tu. Pampu ya kisima cha shule iliwahi kuharibika wakati wa kiangazi, tukawa tunashuka bondeni kuchota maji ya matope kabla ya vipindi. Mkuu wa shule alikuwa na pesa za ukarabati, akanunua jezi za timu ya wavulana. Matroni hakuandika barua wala hakuitisha kikao. Alituamuru tuchukue ndoo zetu tupu, tukazipanga mlangoni mwa ofisi, moja juu ya nyingine, mpaka mlango haukusukumika. Mkuu alikuwa ndani. Ikabidi atokeze kichwa dirishani.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Wasichana hawa wanahitaji maji, mkuu. Wavulana wanataka jezi. Nimekuja tupange pamoja kipi kikae kulia na kipi kushoto."

Shule nzima ilikuwa imesimama uwanjani ikitazama. Fundi wa pampu alifika wiki hiyo hiyo, na jezi zilirudi mjini zikiwa bado kwenye nailoni zake.

Na lipo jingine, ambalo wanaume wa shule ile hawakulijua kamwe. Karibu na mlango wa bafu kulikuwa na kikapu chenye vitambaa vya pamba vilivyokatwa na kushonwa vizuri, kwa ajili ya msichana aliyeingia kwenye siku zake na hana kitu. Vilikuwa ni shuka zake mwenyewe. Tulizitambua kwa michirizi ya bluu pembeni. Msichana mmoja mgeni alikwenda kumwomba ruhusa ya kuchukua, na tulimsikia Matroni akimjibu kwa ukali uleule wa chumvi: "Hili haliombwi. Anayehitaji haombi, anachukua." Basi alijua. Ndilo linalonikera zaidi kuliko yote. Alijua tofauti ya vitu kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye, na bado akafanya alichofanya.

Kila Jumamosi, baada ya usafi, alikagua. Kila mmoja anasimama kando ya kitanda chake, tranka imefunguliwa, vitu vyote vimemwagwa juu ya godoro. Matroni anapita akipanga mafungu mawili. Hitaji kulia, taka kushoto. Sabuni kulia. Daftari kulia. Hereni kushoto. Rangi ya mdomo kushoto. Suruali ya jinzi aliyotumiwa mtu na dada yake wa Dar es Salaam, kushoto. Fungu la kulia linarudi kwenye tranka, la kushoto linakwenda nyuma ya jiko, mpishi anamwaga mafuta ya taa, na sisi tunasimama kwenye mstari tukitazama. Mafuta ya kujichubua aliyachoma mengi, na kwa hayo simlaumu. Yupo mwenzetu ambaye ngozi yake ya uso ilipona kwa sababu ya moto ule. Lakini nilimwona pia akichoma picha ya mtoto mchanga kwa kuwa ilikuwa imebandikwa kwenye fremu ya maua. Hakuitoa picha kwenye fremu. Alisema imeshikana.

Mama yangu alikuwa mkulima wa maharage Rungwe Mpya. Hakuwa mtu wa kununua vitu. Mwaka mmoja shamba lilimkubali vizuri, akapeleka magunia soko la karibu na kambi ya Nyarugusu, nami nikaenda naye. Pale kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo ametandaza vitenge juu ya turubai. Mama alipita mbele yake, akarudi, akapita tena. Yule Mkongo akachukua kimoja, cha rangi ya machungwa na ndege wa bluu, akakivuta kwa mikono miwili mbele ya uso wa mama.

"Hii haiko ya kuchuja, mama. Vuta, vuta na nguvu. Utazikwa nayo."

Mama alicheka njia nzima ya kurudi. Alicheka kama aliyeiba. Kitenge hakukishona, alikiweka chini ya sanduku, akasema atakishona siku yake ikija. Haikuja. Alipofariki, shangazi zangu walipekua lile sanduku hata matanga hayajaanuliwa, na mimi nilikuwa nimeshakizungusha kitenge tumboni, chini ya gauni, nikakaa nacho mpaka walipoondoka. Ndicho kitu pekee cha mama nilichotoka nacho nyumbani.

Shuleni sikukivaa. Nilikuwa nakitoa, naingiza uso ndani, nakirudisha. Kilinuka moshi wa jikoni kwetu na kitu kingine ambacho sikukijua jina.

Jumamosi ile Matroni alikifungua, akakikunja tena kwa ustadi, pembe juu ya pembe.

"Sare unazo," alisema. "Shuka unazo. Kanga ya kuogea unayo. Hiki cha nini?"

"Cha mama, mwalimu."

"Mama anakihitaji?"

"Mama amefariki, mwalimu."

Alinyamaza. Lazima niseme kwamba alinyamaza, na kwa muda mfupi nilidhani atakiweka kulia. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kusahihisha hesabu ubaoni:

"Basi hakihitaji."

Akakiweka kushoto.

Pamba halisi haiyeyuki motoni. Inashika, inakuwa nyeusi, halafu inakaa kama karatasi kabla ya kuvunjika. Ndege waliendelea kuonekana kwenye majivu mpaka mpishi alipoyakoroga kwa fimbo. Sikulia. Wenzangu walidhani ni ujasiri. Nilikuwa namtazama yeye, si moto, nikimsoma: jinsi anavyosimama, anavyofunga mikono, mahali anapoangalia. Nilijiambia kwamba mtu huyu lazima ana fungu lake la kushoto mahali fulani, na siku moja nitalimwaga mimi.

Malaria ilinikamata muhula ule ule. Ndipo akakaa kando yangu na kitambaa cha maji. Alinilisha uji kwa kijiko, nami nikaumeza. Nilikuwa nameza kwa chuki. Akiinuka kwenda kubadilisha maji, nilitamani nife kabla hajarudi, ili akute kitu ambacho hataweza kukipanga.

Fungu lake la kushoto nililijua baadaye sana, na aliyenionyesha ni mzee mwenye duka la vitambaa. Huyu mzee alikuwa Mwislamu, watu wake wa Tanga, aliyeletwa Kibondo na biashara akazeekea huko. Alikuwa na duka jingine Kasulu, na nilipomaliza kidato cha nne bila matokeo ya kuendelea, alinichukua nimuuzie. Kila kitu ninachokijua kuhusu kuuza alinifundisha yeye, akiwa ameketi kwenye kigoda na tasbihi mkononi.

"Anayekwambia natazama tu," alisema, "usimsumbue. Mpe kiti."

Siku moja tulikuwa tunazungumzia shule, nikamtaja Matroni. Mzee akatabasamu.

"Bi Mwalimu! Huyo alikuwa anakuja dukani kwangu Kibondo kila Jumapili akitoka kanisani. Miaka, mwanangu. Anagusa kitambaa kwa kidole kimoja tu, anakwambia hii pamba, hii pamba ya kuchanganya, hii uongo mtupu. Hajakosea hata siku moja. Ana jicho la bibi arusi. Anakaa pale mpaka nafunga, hanunui hata uzi."

"Kwa nini hanunui?"

"Nilimuuliza. Kulikuwa na hariri moja ya zambarau, nilimwambia, Bi Mwalimu, chukua, zawadi yangu kwako. Unajua alinijibu nini? Alisema, nikichukua hiki nitachukua kila kitu. Nikianza sitaacha."

Mzee alilisema kwa huruma. Mimi nililichukua na kulifungia.

Nilipopata duka langu hapa Kasulu, karibu na soko, sikuuza vitambaa. Nilichagua mapambo ya nyumbani: mapazia, mazulia, makochi ya velveti, saa za ukutani zenye fremu ya dhahabu ya uongo, meza za kioo, maua ya plastiki. Sina bidhaa hata moja ambayo mtu akiikosa atalala njaa. Wateja wangu ni wakulima waliovuna, wafanyakazi wa mashirika ya kambini, mabibi arusi na mama zao. Wanakuja na simu mkononi, wananionyesha picha ya sebule ya mtu wasiyemjua, aliyeko Dar es Salaam au hata Dubai, wanasema, "Dada, nataka kama hii." Nyumbani kwao sakafu ni ya udongo. Namuuzia zulia. Wakati mwingine nawaonea huruma, mara nyingi siwaonei, kwa sababu nimeona mama mmoja wa Munanila akilia kwa furaha kwa ajili ya pazia, na sijui ni nani aliyenipa haki ya kumwambia furaha ile ikae upande gani.

Matroni alistaafu, akajenga kijumba hapa Kasulu, pembeni mwa mji, upande wa makaburi. Nilisikia muda mrefu kabla sijamwona. Sikumtafuta. Nilijua Kasulu ni ndogo.

Aliingia asubuhi ya siku ya soko, amevaa kijivu.

"Mwakeye," alisema, kwa Kiha, kama anayemsalimu mtu mzima mwenzake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nahitaji mfuniko wa sufuria." Kisha akanitazama vizuri. "Wewe ni wa kitanda cha karibu na mlango. Ulikuwa unaandika kwa mkono wa kushoto."

"Ndiyo, mwalimu."

"Duka la nani?"

"Langu, mwalimu."

Akageuza shingo ile ndefu taratibu, akatazama makochi, maua, saa zote zinazoonyesha muda tofauti.

"Taka tupu," alisema. Ilinichukua muda kuelewa kwamba amefanya mzaha. Sikuwahi kumsikia akifanya mzaha.

Mifuniko sikuwa nayo. Nilimtuma kijana wa duka jirani akanunue mmoja, na wakati tunangoja nikampa kiti. Nikamletea chai. Alitia sukari, akakoroga, akatia tena. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshuka kando ya kiti na kidole kimoja kilikuwa kinapapasa velveti ya kochi.

Wiki iliyofuata nilimtembelea nyumbani. Kuta tupu, meza moja, viti vya mbao, dirishani amening'iniza gunia la unga alilolishona pindo. Jua la mchana lilikuwa linamwingia machoni moja kwa moja. Nilimpelekea pazia. Alikataa, kama nilivyotegemea.

"Si zawadi, mwalimu. Limebaki dukani, panya watalila. Likae kwako kwa kujaribu, ukichoka nitalichukua. Kwa umri huu macho yanahitaji kivuli."

Neno hilo, yanahitaji, nililitamka polepole na kwa heshima. Alilisikia. Alinitazama kitambo, akasema haya, liache.

Halikurudi. Baada ya pazia likafuata zulia, kwa kuwa Kasulu kuna baridi na miguu ya mtu mzima inahitaji joto. Kisha kochi, kwa kuwa mgongo unahitaji kuegemea. Kisha la pili, kwa kuwa wageni wanahitaji pa kukaa. Alilipa kila kitu kwa kiinua mgongo chake, taslimu, bila kuniomba nipunguze. Sikumuuzia taka hata moja. Kila kitu kiliingia mle ndani kwa mlango wa kulia, mlango alioujenga mwenyewe, na mimi nilikuwa nashika kitasa. Usiniulize kama niliona aibu. Nililala vizuri miezi ile kuliko wakati wowote wa maisha yangu ya utu uzima.

Siku ninayoikumbuka kwa ladha ni ya maua. Alikuwa ameshazoea kuja kukaa dukani, anatazama wateja wakichagua, wakati mwingine anawasahihisha: "Hilo zulia si sufu, mama, usidanganyike," nami namwacha. Siku ile duka lilikuwa tupu. Alinyoosha kidole kwenye rafu ya juu.

"Na yale?"

Yalikuwa maua ya plastiki, mekundu, ndani ya chombo cha kioo.

"Yale hayana kazi, mwalimu," nilisema. "Hayachanui, hayanuki. Yanakusanya vumbi tu."

"Naona."

"Basi niyaache?"

Nilisikia redio ya fundi simu wa upande wa pili ikiimba. Shingo yake ilikuwa bado imenyooka lakini macho hayakutoka kwenye ile rafu.

"Nayataka," alisema.

Nilipanda kwenye stuli kuyashusha, nikachelewa makusudi kule juu ili asiuone uso wangu.

Baada ya hapo hakukuwa na breki. Alichomwambia mzee wa vitambaa kilikuwa kweli tupu. Kioo kirefu cha ukutani. Saa ya dhahabu ya uongo. Televisheni pana kuliko ya mwenyekiti wa mtaa. Mito yenye shanga. Alikuja na simu yake mpya, akanionyesha sebule ya mtu wa Mwanza: "Hii meza ya kioo, unaweza kuipata?" Niliiagiza. Niliona sasa nyumba imejaa vya kutosha. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nitaipeleka meza mwenyewe, tutakaa, nami nitamtaka apange. Kitu kimoja kimoja, kwa kinywa chake. Kisha nitamwambia kuhusu kitenge, na nitamwona akibomoka.

Nilikwenda Jumapili alasiri. Kabla sijabisha nilisikia kicheko ndani, kicheko kikubwa cha kifuani, nikadhani ni mgeni. Alikuwa yeye. Sebule ilikuwa imejaa wasichana wa mtaa, wengine wamekaa juu ya zulia, wanatazama tamthilia na kula maandazi, na Matroni yuko katikati ya kochi la velveti amevaa gauni la zambarau ambalo sikulijua, anamzomea mwanamume wa kwenye televisheni.

"Karibu!" alisema. "Wasichana, sogeeni. Huyu ndiye mwalimu wangu. Amenifundisha kutaka, uzeeni!"

Wasichana wakacheka, wakaniamkia. Nikacheka na mimi, kwa meno.

Walipoondoka, wabebaji niliokuja nao wakaweka meza mahali pake nao wakaenda. Tukabaki wawili. Akamimina chai.

"Mwalimu," nilisema, "lile pazia. Ni hitaji au taka?"

"Taka," alijibu, hata sijamaliza.

"Kochi?"

"Taka."

"Ile saa?"

"Taka, tena mbovu, inachelewa. Unaniuliza kitu gani, mwanangu? Nimefundisha somo hilo maisha yangu yote. Nilijua tangu pazia la kwanza. Eti macho yanahitaji kivuli!" Akacheka tena kile kicheko. "Ulikuwa unalitamka kama unatega panya."

Nilikiweka kikombe mezani.

"Sasa mbona ulinunua?"

"Kwa sababu nilitaka. Nilijinyima tangu nikiwa msichana, nikadhani ndiyo akili. Kumbe nilikuwa naogopa tu. Wewe ulikuja, ukafungua mlango. Sijui ulikuwa na nia gani, na sikutaka kuuliza."

Sikuwa nimejiandaa kwa furaha yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nikaona ndani ya ile sebule niliyoipanga kwa mikono yangu kwa miezi yote ile, hakuna kitu hata kimoja kinachomuuma. Basi nikalitoa lote. Rungwe Mpya, maharage, mama wa Kikongo, ndege wa bluu, shangazi, Jumamosi, moto. Nilizungumza mpaka sauti ikakatika. Alisikiliza bila kugusa chai.

"Sikumbuki," alisema.

"Hukumbuki?"

"Nakumbuka kitanda chako. Nakumbuka malaria yako, ulikuwa unanitazama kama unayetaka kuning'ata. Kitenge sikikumbuki. Nilichoma vingi."

"Ulisema, basi hakihitaji."

"Hayo ni maneno yangu," alisema. "Sikatai. Yanafanana na mimi kabisa."

"Basi sema ulikosea."

Nje kulikuwa na mtu anapita akisukuma baiskeli yenye mzigo, tukasikia mnyororo unalia mpaka ukaisha. Matroni aliweka mikono juu ya mapaja.

"Kuwachomea watoto vitu vyao, nilikosea. Hilo nalisema, na ningelisema hata kama usingekuja. Lakini wewe hujaja kwa hilo. Umekuja ili nimwone mama yako ndani ya ule moto, na mimi simwoni. Nikikwambia namwona nitakuwa nakudanganya, na wewe utajua, na utaondoka hapa na uongo badala ya kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kasirika. Mimi sina haki ya kukwambia uache. Hasira yako sitaikagua."

Nilisimama. Kama angelia, kama angepiga magoti, kama angebisha, ningekuwa na la kufanya. Nilichukua mkoba wangu. Alinisindikiza mpaka mlangoni kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima, akaukamata mkono wangu kwa mikono miwili, nami nikauacha ukamatwe kwa sababu ni mtu mzima na majirani walikuwa wanatazama.

Nilikuwa nimeshavuka ua aliponiita.

"Hii meza!" alisema. "Mguu mmoja mfupi. Inayumba, chai inamwagikia zulia. Nitumie fundi."

"Kesho, mwalimu," nilisema.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za vuli. Sasa watu wameshapalilia maharage. Ananipigia simu mara kwa mara, hana haraka, hana ukali, ananijulia hali ya watoto kwanza. Halafu anaulizia fundi. Fundi ninaye, anakaa hapa hapa kibarazani kwangu anaranda miguu ya viti, na kazi yenyewe haimalizi hata nusu saa. Naitazama simu ikiita, nampokea kwa adabu zote alizotufundisha.

"Shikamoo, mwalimu. Kesho. Kesho bila kukosa."